Kuanza Kuigiza Uzeeni

Wasikilizaji wetu, wengi wetu hudhani kwamba kazi ya kuigiza ni ya vijana tu. Mzee akitaka kuijaribu, huchekwa. Basi na tuzitazame habari za Chief Dan George.

Alizaliwa mwaka 1899 karibu na mji wa Vancouver, nchi ya Kanada, katika kabila la Tsleil-Waututh, nao ni wenyeji wa asili wa pwani ile. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa kuli bandarini. Mwaka 1947 mzigo wa mbao ulimpiga, akaumia, akaiacha kazi ile. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alishika kazi nyingine, hata akaendesha basi la wanafunzi. Alipofika miaka 60 ndipo alipoigiza mara ya kwanza katika televisheni, akiwa mzee wa kabila. Mwaka 1970 alionekana katika sinema ya Little Big Man, akawa mmoja wa watano walioshindania tuzo ya Oscar. Alifariki mwaka 1981.

Twajifunza nini? Mzee huyu hakujitia ujana. Uso wake wenye makunyanzi na sauti yake ya utulivu ndivyo vilivyotakiwa, wala kijana hawezi kuviazima.

Kwa hiyo, mkitunga mchezo shuleni au kijijini wenye babu ndani yake, msimbandike kijana ndevu za pamba. Mwiteni babu mwenyewe. Nawe mzee wetu, ukiitwa, itika.