Subira ya Mzazi kwa Mtoto Aliyeumia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba viungo vya mwanadamu akaviunganisha, na akajaalia maradhi yawe na dawa zake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi wazee watukufu, akina mama, na ndugu Waislamu wa Arua na Koboko: mazungumzo haya ni juu ya jambo ambalo limekwisha kubisha hodi katika nyumba nyingi za nchi hii, nalo ni mtoto kupatwa na ajali kubwa, na mzazi wake kukaa naye mpaka apone.

Imepokewa katika Hadithi kwamba Usama bin Zaid, alipokuwa mtoto mdogo, alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango akajeruhiwa usoni. Mtume (S.A.W.) alimtaka Bi Aisha amsafishe, naye Bi Aisha akasita kwa kuona kinyaa. Basi Mtume mwenyewe akamshika yule mtoto, akaifyonza damu ya jeraha na kuitema. Usama hakuwa mwanawe wa kumzaa. Alikuwa mtoto wa Zaid, aliyepata kuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Katika kisa hiki kifupi mna funzo kubwa. Mtume, ambaye hapana mtu aliyeijua kadari ya Mola kuliko yeye, hakuishia kusema kwamba lililoandikwa limekuwa. Alianza na jeraha.

Zamani mtoto wa Arua au wa Koboko aliumia aghalabu kwa kuanguka mwembeni wakati wa maembe. Hatari hiyo ingalipo, lakini barabara imeongeza nyingine. Njia itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko mpaka Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, nayo ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Ni neema kubwa, kwa maana mgonjwa wa Koboko aliyekuwa akitikiswa katika vumbi na matope sasa hufika Arua upesi. Lakini lami ile ile imharakishayo mgonjwa huliharakisha lori na pikipiki pia, na mtoto wa miaka saba hajui kukadiria mwendo wa chombo kinachomjia. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu kadiri ya milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 5 mpaka 29 hapana sababu nyingine iuayo zaidi. Na kwa kila mmoja afaye, wapo wengi wanaobaki hai na viungo vilivyovunjika. Hao walio hai ndio wanaohusika na mazungumzo haya.

Na uchukuliwe mfano wa mzazi mmoja, asiyetajwa jina kwa kuwa hali yake ni hali ya wengi. Anakaa kando ya mji wa Koboko, karibu na barabara. Jioni moja mwanawe ametumwa dukani, ng'ambo ya pili, na wakati wa kurudi pikipiki imemgonga na kumvunja paja. Baba anatoka msikitini, anasikia kelele, anakuta watu wamezunguka. Hapo hapo majaribu matatu yanamkabili, na kila moja limevaa nguo ya haki.

Jaribu la kwanza ni hasira. Vijana wamekwisha kumkamata mwenye pikipiki, wengine wameshika mawe, nao wanamngojea baba aseme neno moja tu. Lakini dakika itumiwayo kumpiga mtu ni dakika aliyoibiwa mtoto. Tena iko hasara nyingine: dereva aonaye wenzake wanapigwa hujifunza kukimbia, naye mtoto wa kesho ataachwa barabarani peke yake usiku. Aliyefanya kosa yupo wa kumhukumu, nao ni polisi na mahakama, na baadaye wazee wa pande mbili wakae wasikilizane. Mtoto hana wa kumngojea.

Jaribu la pili ni lawama, na hili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu huingia nyumbani na kukaa humo miaka. Baba anamwuliza mkewe, "Mama watoto, nani aliyemtuma ng'ambo ya barabara?" Naye mama, akitetemeka, anajibu, "Ni mimi, mume wangu. Nilimtuma chumvi." Sasa neno atakalolisema baba ndilo litakaloonyesha elimu yake ya dini. Akisema, "Basi ni wewe uliyemvunja mwanangu," atakuwa amewaumiza watu wawili mahali pa mmoja. Lakini akisema, "Chumvi hiyo nami ningeila, shika kichwa chake, twende," atakuwa ameijenga upya nyumba yake katika saa ile ile iliyotaka kubomoka. Mama huyo amekwisha kujilaumu mwenyewe kiasi cha kutosha. Hahitaji msaidizi.

Jaribu la tatu huja kwa sauti ya upole, nalo ni kuitumia kadari kuwa mto wa kulalia. Jamaa husema, "Ni kadari ya Mungu, mwacheni apumzike mpaka asubuhi." Ni kweli kwamba ni kadari ya Mungu. Lakini hospitali nayo ni kadari ya Mungu, na daktari aliyesoma ni kadari ya Mungu, na gari la jirani liliopo mlangoni ni kadari ya Mungu. Mabedui walimwuliza Mtume kama watafute dawa, naye akawaamuru watafute. Basi amwachaye mtoto alale na mfupa uliovunjika, akasema anamtegemea Mola, ameacha amri na kushika uvivu.

Yapasa kila mzazi ajue mambo machache ya saa ile ya kwanza. Mtoto asiburutwe, wala mguu wake usivutwe ili unyooke. Kama kuna shaka ya shingo au uti wa mgongo, alazwe juu ya ubao au mlango, watu wengi wamwinue kwa pamoja, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja. Mtoto aliyezimia asimiminiwe maji kinywani, kwa maana yaweza kuingia mapafuni. Damu ikitoka, pakandamizwe kwa kitambaa safi. Kidonda chenye udongo chahitaji kuoshwa vizuri na sindano ya kukinga pepopunda.

Baada ya hapo huanza subira yenyewe. Mtoto amelazwa Arua, katika hospitali ya rufaa, na mguu wake umevutwa kwa uzito ili mfupa ushike mahali pake. Tangu mwaka 2001 hospitali za serikali ya Uganda, isipokuwa katika vyumba vya kulipia, ziliondoa ada kwa wagonjwa. Lakini chakula cha mlinzi wa mgonjwa, nauli ya kwenda na kurudi Koboko, sabuni, na dawa iliyokosekana, vyote hutoka mfukoni mwa mzazi. Mama analala sakafuni kando ya kitanda. Baba ana shamba lisilopaliliwa na watoto wengine waliobaki na bibi yao. Siku ya kwanza walikuja watu 20 kumtazama mtoto. Wiki ya tatu haji mtu.

Hapo ndipo huja shauri la kumtoa mtoto kitandani na kumpeleka kwa mwunga mifupa wa kijijini, kwa kuwa hospitali inakawia. Si haki kuwadharau wazee hao. Baadhi yao wana mikono hodari na wamesaidia wengi. Lakini ajabu ya mfupa wa mtoto ni kwamba hushika upesi, na ukishika vibaya, waweza kubaki vibaya. Tena vijiti vikifungwa kwa kukazwa sana huzuia damu, na mguu ambao ungepona huoza ukakatwa. Hata mtoto aliyefungwa plasta na daktari yapasa atazamwe: vidole vikiwa baridi, vikigeuka rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, arudishwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Mtu atauliza, je, yafaa kuvumilia yote hayo kwa tumaini lisilo na hakika? Afrika Mashariki ina jibu linalojulikana. Tarehe 6 Mei 2017 basi lililowachukua wanafunzi wa shule ya msingi ya Lucky Vincent ya Arusha, Tanzania, lilitumbukia katika korongo huko Karatu. Wakafa watu 35, wengi wao watoto. Wakanusurika watoto watatu tu, wakiwa wameumia vibaya mno. Wageni kutoka Marekani waliokuwa wakipita njia ile walisimama kuwaokoa, na kwa juhudi za watu wengi watoto hao wakapelekwa kutibiwa katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa, mama zao wakifuatana nao. Wakarudi Tanzania mwezi wa Agosti mwaka huo huo.

Watu wengi huikumbuka ndege, na madaktari, na shangwe za siku ya kurudi. Lakini yapasa kuikumbuka miezi mitatu iliyokuwa katikati: akina mama watatu katika nchi ya ugenini, kila siku wakimtazama mtoto akipasuliwa, akiuguzwa, akifundishwa tena kuutumia mwili wake, huku nyumbani wenzao wakiwalilia watoto waliozikwa. Si kila mzazi atapata ndege. Mzazi wa Koboko hatapata. Lakini kazi ya miezi mitatu, ya kushika mkono na kusema "hatua moja tena", haikuhitaji ndege, nayo yaweza kufanywa uani kwa mtu chini ya mwembe.

Maana mtoto akirudi nyumbani hajapona. Ametoka hospitali tu. Mguu umekonda, naye anaogopa kuukanyaga. Mazoezi aliyoelekezwa humwuma, na mzazi mwenye huruma hutaka kuyaacha. Huruma ya namna hiyo humfanya mtoto kiwete. Mwingine aliyegongwa kichwani hurudi na tabia nyingine: hukasirika upesi, husahau, huumwa kichwa, na baba asiyejua humchapa akidhani ni utundu. Huyo ni mgonjwa, arudishwe kwa daktari. Mwingine kiungo chake hakitanyooka kamwe kwa mazoezi. Naye ajue mzazi wake kwamba iko hospitali ya CoRSU huko Kisubi, katika njia ya Entebbe, inayofanya upasuaji wa viungo vya watoto wenye ulemavu. Na kama ulemavu utabaki, mtoto asifichwe ndani. Apelekwe shule na chuoni, kwa maana Mola hakuweka elimu miguuni.

Wala asione haya mzazi anayelia. Nabii Yakubu alilia mpaka macho yake yakaingia weupe, na juu ya hayo ni mfano wa subira njema. Lakini yatazamwe aliyoyafanya pamoja na machozi: aliwaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, na wasikate tamaa. Machozi hayakumfunga miguu. Na Urwa bin Zubair, mwanachuoni wa Madina, alipokuwa safarini Sham mguu wake uliingia ugonjwa wa kuoza. Waganga waliposema ukatwe ili mwili usalimike, alikubali ukakatwa. Katika safari hiyo hiyo mwanawe alipigwa teke na mnyama akafa. Urwa akarudi Madina akimshukuru Mola kwa viungo na watoto aliobakishiwa. Aliukubali msumeno wa mganga na kadari ya Mola pamoja, wala hakuona kimoja kinapingana na kingine.

Limebaki neno moja, nalo ni la jumuiya yote. Mwislamu akifa, sifa ni kwa Mungu, watu hukusanyika mara moja. Sanda hupatikana, kaburi huchimbwa, chakula hupikwa, na mchango hutolewa hata na maskini. Jambo hili ni fahari ya Waislamu wa Arua na Koboko. Lakini mtoto aliyevunjika akaishi, nani humchangia? Ni ajabu kwamba nauli ya maiti hupatikana katika saa moja, na nauli ya mtoto wa kurudishwa kwa daktari hukosekana mwezi mzima. Mara nyingine ile ya pili ingalipatikana, hii ya kwanza isingalihitajika.

Basi kila msikiti na uweke sanduku la wagonjwa kando ya sanduku la mazishi. Wanaokwenda kumtazama mgonjwa wasiende wote siku ya kwanza. Wagawane, wengine waende wiki ya tatu, wengine mwezi wa pili. Anayekwenda na achukue kitu: unga, sabuni, au jembe la kumpalilia baba shamba lake. Akina mama wapokezane kulala hospitali, ili mama wa mtoto apate usiku mmoja wa usingizi. Mwalimu ampelekee mtoto masomo yake. Na maimamu wawakumbushe waendesha pikipiki kwamba mwendo wa kasi mbele ya nyumba za watu ni dhuluma, na kofia ya chuma si ya kutundikwa mkononi.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wote walio vitandani usiku wa leo, awape mama zao nguvu na baba zao upole, na awajaalie majirani zao wasichoke mapema. Amin.