Betri ya Kushikilia Kompyuta Umeme Ukikatika

Shikeni kalamu, maana leo tuna hesabu.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Taa ikizimika, mtu huwasha mshumaa. Lakini kompyuta inayotunza hesabu za duka ikizimika ghafula katikati ya kuandika, daftari lake huweza kuharibika, na madeni ya wateja yakapotea. Ndiyo maana watu huweka sanduku la betri kati ya soketi ya ukutani na kompyuta.

Je, litadumu muda gani? Tazameni betri ya ndani. Nyingi huandikwa volti 12, ampea-saa 7. Zidisheni: 84. Kompyuta ndogo ikila wati 30, na kifaa cha intaneti wati 10, jumla ni 40. Gawanyeni 84 kwa 40: saa mbili na kidogo. Msifurahi upesi! Nguvu nyingine hupotea njiani, na betri ya risasi ikikamuliwa mbio haitoi yote. Mimi huhesabu nusu tu, yaani saa moja. Inatosha kuhifadhi kazi na kuizima kompyuta vizuri. Masanduku mengi yana waya wa kuiambia kompyuta ijizime yenyewe, uungeni.

Printa msiichomeke humo, ina ulafi. Wala sanduku lisikae juani: joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri hupungua karibu nusu.

Zoezi: volti 12, ampea-saa 9, mzigo wati 54. Itadumu muda gani? Msisahau ile nusu.