Ufundi wa Kuchonga Kiko
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni



Barua ya Bwana Mwandishi ilitutaka sisi watatu tueleze jinsi tulivyojifunza kuchonga viko vya tumbaku kwa mkono, kazi tuliyoianza mwaka juzi katika saa zetu za mapumziko. Mmoja wetu amechaguliwa kusoma, lakini maneno haya ni ya watatu, na aibu iliyomo ndani yake ni ya watatu vilevile. Twasema aibu, maana mtaisikia kabla hatujaketi.

Na ieleweke mapema ya kuwa hatukuja kuisifu tumbaku. Tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa hospitali za London, madaktari wamezidi kuthibitisha kwamba moshi wa tumbaku huleta saratani ya mapafu. Na mvuta kiko, hata asipoumeza moshi, hujitia katika hatari ya saratani ya mdomo na ya koo. Sisi wenyewe hatuvuti. Tulichokwenda kutafuta kwa fundi si moshi, bali ni ufundi.

Neno lenyewe, kiko, ni la zamani kwetu. Wazee wa pwani walikuwa na kiko cha maji, na kila kiungo chake kilikuwa na jina. Bori ni kile kikombe kinachotiwa tumbaku na moto. Digali ni mwanzi uliotoka katika bori ukashuka majini. Kiko hasa ni chombo cha maji, aghalabu kifuu cha nazi. Shilamu ni mwanzi wa kwenda mdomoni. Na ile sauti ya maji yanapovutwa huitwa malio ya kiko. Twakiri kwamba maneno haya, yaliyomo katika kamusi tangu zamani za babu zetu, tuliyasikia kwanza katika kinywa cha fundi wetu, ambaye hakupita darasa la nne. Nasi watatu tuna vyeti vya sekondari, na alama njema za Kiswahili juu yake.

Kiko tutakachokisimulia ni kile kikavu, kisicho na maji. Kiko cha namna hii kwanza hutaka kitu kisichoungua upesi. Huko Ulaya zamani watu walitumia udongo wa kuchoma, nao ulikuwa mwepesi kuvunjika. Katika mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura ya Ufaransa, mafundi waliokuwa wakichonga tasbihi na vinyago vya mahujaji waligeukia viko, na katikati ya karne ya 19 wakaupata mti uliowafaa kupita yote, ambao wataalamu huuita Erica arborea. Hawautumii mti mzima, bali ule uvimbe ulio shinani, kati ya mizizi na shina. Huchimbwa katika nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa polepole kwa miezi mingi. Mti huo wamea hata katika milima mirefu ya Uhabeshi na ya Afrika ya Mashariki; lakini kwetu sehemu kubwa imo ndani ya hifadhi, wala hairuhusiwi kuukata.

Kiko pia huchongwa kwa jiwe. Liko jiwe jeupe, jepesi, ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, yaani meershaumu. Likikauka huweza kuelea juu ya maji, na likiloweshwa hulainika hata likachongwa kwa kisu kama sabuni. Lile la Eskişehir katika nchi ya Uturuki ndilo mashuhuri. Walakini jiwe hilo limo hata katika bonde la Amboseli, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Na tangu miaka ya 1950 lilichongwa Arusha, viko vikauzwa ng'ambo kwa jina lile lile letu la Kiswahili, Kiko. Fundi wetu alijifunza kushika tupa kwa jiwe hilo alipokuwa kijana. Uzeeni ameligeukia gogo la mzeituni wa mwitu, mti mgumu wenye mistari mizuri, naye huliweka chini ya paa miaka miwili na zaidi, ncha zake zimepakwa nta ili lisipasuke kwa kukauka haraka.

Tulimwendea siku ya Jumamosi, tumevaa mashati meupe. Tulipokwisha kumwamkia, naye akaitikia marahaba, aliitazama mikono yetu, asiseme neno. Kisha akatupa kila mmoja kipande cha msonobari, kitu cha kutupwa, akatuambia, "Toboeni."

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mtu akitazama kiko huona umbo lake, akadhani ya kwamba umbo ndilo ufundi. La, umbo ni kazi ya tupa na subira. Ufundi umo katika matundu. Kwanza huchora ubavuni mwa kipande mistari miwili, mmoja wa bori na mmoja wa digali, mpaka ikutane. Bori hutobolewa kwa upana wa milimita 20 hivi, na sakafu yake iwe ya mviringo kama ndani ya kijiko. Kisha kipande hugeuzwa katika jiriwa, na tundu jembamba la milimita 4 hupigwa kwa keekee kupitia digali, mpaka ncha ichungulie katikati ya sakafu ya bori, hapo hasa, si kwingine. Likitokea juu ya sakafu, hata kwa unene wa punje ya mchele, tumbaku iliyo chini haitaungua. Maji yatatuama, na mvutaji ataonja uchungu. Likipita chini zaidi, sakafu itakuwa nyembamba na moto utaipasua. Na fundi halioni tundu linapokwenda. Hulisikia kwa mkono tu.

Tulipomaliza vipande vile vya kwanza tulimwonyesha kwa furaha, kwa kuwa nje vilikuwa safi. Mzee alivitia katika jiriwa, akavipasua kwa msumeno katikati, kila kimoja. Ndani tuliona matundu yetu yamekwenda upande kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Alifanya hivyo Jumamosi saba. Tuliharibu vipande kumi na kimoja kabla kimoja hakijapasuliwa na kuonekana chema. Twakumbuka alivyosema siku ile: "Wanangu, hiki mmekijua kwa sababu nimekipasua. Kiko cha kweli hakipasuliwi. Atakayekinunua atawaamini tu."

Yaliyobaki twayataja kwa ufupi. Nje hukatwa kwa msumeno, hutengenezwa kwa tupa ya meno makubwa, kisha ndogo, kisha kwa msasa. Na karatasi hiyo imerithi jina la mti ambao majani yake makavu yalifanya kazi iyo hiyo zamani. Halafu mti huloweshwa kidogo kwa maji ili nyuzi zisimame, huachwa ukauke, na kusuguliwa tena. Shilamu tuliifanya kwa pembe ya ng'ombe, iliyolainishwa katika maji ya moto na kupindwa. Ulimi wake lazima uingie katika digali bila kulegea na bila kukaza mno, kwa kuwa mti hufura kwa unyevu, na ulimi uliokaza huupasua. Mwisho ni nta ya nyuki na kitambaa. Rangi ya kung'aa haifai, maana hutoka malengelenge kwa joto.

Sasa, mabwana, twafika palipo pagumu.

Mtakumbuka karamu ya chai tuliyomfanyia mzee wetu karani mkuu alipostaafu. Mtakumbuka mlichanga fedha ya zawadi, nasi tukaomba tuaminiwe kumchongea kiko badala ya kununua saa dukani. Mliridhia. Fedha tulinunua mzeituni, pembe na vifaa, na masalio tukamrudishia Bwana Mshika Hazina pamoja na risiti. Hesabu ya fedha ilikuwa sawasawa.

Siku tano kabla ya karamu, fundi alipokuwa amesafiri kwenda mazikoni, kiko kilikuwa kimekwisha, hakikubaki illa kupakwa nta. Katika kukwangua bori ndani tuliona mstari mweusi kama unywele, karibu na sakafu. Tukaugusa kwa sindano, ukatoka unga. Na pale palipotoka unga pakabaki shimo, ukubwa wake kama punje ya dengu. Mti ulikuwa na ugonjwa ndani yake, nao ulikuwa umejificha mpaka siku ya mwisho. Jambo hili huwapata mafundi wote, na fundi mwema hukitupa kiko, akaanza upya. Sisi tulikuwa na siku tano, na kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kupelekwa. Tulikoroga vumbi la mbao na gundi, tukaziba, tukasugua, tukapaka majivu ndani ili rangi ifanane. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema tusifanye. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme.

Siku ya karamu mlikipitisha mkononi, mkakisifu, mkapiga makofi. Nasi tuliinama kama watu wanyenyekevu.

Fundi aliporudi aliiona sufuria ya gundi. Aliuliza, "Kiko kilitokaje?" Tukajibu, "Vizuri sana, Mzee." Akatutazama kitambo, akasema, "Haya. Kitasema chenyewe." Hakuuliza tena.

Baada ya mwezi mmoja na nusu tulikwenda kumjulia hali mzee wetu karani mkuu nyumbani kwake. Alitupokea vema, tukanywa chai. Kiko kilikuwa juu ya kabati, kimegeuzwa upande. Mmoja wetu alipokiinua aliona tundu limetoboka chini ya bori, jeusi pembezoni. Tulipoutazama mkono wa mzee wetu tuliona kovu dogo la moto kiganjani. Alisema upesi, "Ni kosa langu, nilikivuta kwa pupa." Siku ya kwanza kilitoa harufu ya gundi, siku ya tisa kikamchoma. Naye hakumwambia mtu, asije akawavunjia heshima vijana waliomchongea zawadi. Mabwana, tulipokuwa wadogo tulipigwa viboko shuleni, wala hapana kiboko kilichotuuma kama maneno yale ya upole.

Tukamwambia kweli pale pale. Kisha tukaenda kwa fundi, tukamwambia kweli naye. Hakutugombeza. Alikitia kiko katika jiriwa, akakipasua katikati kama vile vya msonobari, akavipanga vipande viwili juu ya meza mbele yetu. Tundu letu lilikuwa limetokea mahali pake hasa. Kazi yetu ya mikono ilikuwa njema. Kilichoharibu ni uongo tulioutia juu yake kwa siku tano. Akatupa kipande kingine cha mzeituni na kusema, "Hiki mnakidaiwa."

Kiko cha pili kilichukua miezi minne. Vipande viwili vilionyesha kasoro katika kutobolewa, tukavitupa. Cha tatu kilitoka salama, nacho tulikinunua kwa fedha yetu. Tulipokipeleka, mzee wetu alitueleza kwamba daktari amemkataza tumbaku kwa ajili ya kifua, naye ameiacha. Twakiri kwamba kwa muda tuliona taabu yetu imepotea bure. Lakini alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha unyasi kutoka ncha ya shilamu, ukatokea katikati ya sakafu ya bori bila kukwama. Akakiweka mdomoni kitupu, akavuta pumzi. "Kinapitisha," akasema. Nasi tukafurahi kuliko siku ya makofi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na tena, kazi mbi si mchezo mwema. Sisi makarani kazi yetu ni ya namna ile ile. Jalada hufungwa, hesabu hutiwa sahihi, mwananchi huondoka na karatasi yake, wala hakuna atakayeipasua katikati aone ndani. Tunaaminiwa tu. Basi twaona ya kuwa si vema kuzungumza juu ya ufundi mbele ya chama hiki, na huku kiko mlichokilipia kimebaki siri kati yetu na mwenye kuungua. Twawaomba radhi. Vipande vile viwili vya kiko tumekuja navyo, vipo hapo mezani pamoja na keekee na tupa. Twaomba kila mmoja avitazame, kisha avipitishe kwa jirani yake kama mlivyokipitisha siku ile.

Fundi yuko tayari kupokea wanafunzi wengine Jumamosi. Ada yake ni ndogo. Mashati meupe yaacheni nyumbani.