Kufufua Baiskeli Kuukuu kwa Fedha Kidogo



Baiskeli kuukuu ya mbio isihukumiwe kwa kutu wala rangi. Hatima yake imo katika fremu. Kabla ya kununua hata gololi moja, mwenyewe aipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akague maungio yote, hasa chini ya shingo ya usukani. Palipo na ufa, fedha itunzwe kwa ajili ya baiskeli nyingine.

Fremu ikiwa nzima, raba na waya wa breki vitangulie. Raba iliyokauka haimsimamishi mtu mteremkoni, sembuse wakati wa mvua. Rangi ingoje, ijapokuwa wengi huanzia huko.

Mnyororo hupimwa kwa rula: vipingili 24 ni inchi 12 kamili. Vikizidi kwa milimita 3, hapana shaka umelika, na yamkini hata meno unayoyazungusha.

Mtego mkubwa ni matairi. Baiskeli nyingi za mbio za zamani zina rimu za kipimo cha 630, ilhali za sasa ni 622. Tofauti ya milimita 8 haionekani kwa macho, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine, na muuzaji hana lazima ya kurudisha fedha. Namba imechapwa ubavuni mwa tairi kuukuu. Isomwe kabla ya kwenda dukani.

Pedali ya kushoto, nayo, hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Asiyejua huikaza zaidi.