Mguu Uliovimba Ukapigwe Picha

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kiungo kinachotubeba kutwa nzima bila sisi kukifikiria, nacho ni unyayo. Unyayo mmoja una mifupa 26. Nyayo mbili zina mifupa 52, yaani robo na ushei ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Katika mifupa hiyo, mara chache sana, huota uvimbe. Mabingwa wanakadiria kwamba katika kila uvimbe 100 wa mifupa, takriban 3 tu ndio huota unyayoni, na sehemu kubwa ya hizo si saratani.

Mtu ataniuliza: kama ni nadra kiasi hicho, watupotezea wakati wa nini? Jibu langu ni kwamba hatari yake iko hapo hapo kwenye unadra wake. Ugonjwa wa kawaida una jina na kila mtu analijua. Ugonjwa wa nadra huazimwa jina la ugonjwa mwingine, na mgonjwa hutibiwa jina hilo la kuazima mpaka wakati umempita.

Twendeni Shinyanga na Geita. Kule Nyarugusu, Rwamgasa na machimbo ya Kahama, maelfu ya vijana wanaishi kwa nguvu za mikono na miguu. Kijana anashuka duarani asubuhi, anapanda na kiroba cha mawe, anakipeleka kwenye karasha, kisha anakwenda mwaloni. Jiwe kumwangukia mguuni si habari ya kusimulia. Basi unyayo ukivimba, sababu iko tayari: "Ni lile jiwe." Zikipita wiki sita na uvimbe haujashuka, inakuja sababu ya pili: ametegewa dawa na mwenzake waliogombania mgao wa mawe, naye akaikanyaga. Hapo anachuliwa, anachanjwa, anafungwa majani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kijana huyu hakuficha kitu! Mguu wake ameuonyesha kambi nzima. Aliyekosa kuuona ni daktari peke yake.

Wala tusidhani ni ujinga wa machimboni. Bob Marley, ambaye nyimbo zake zinapigwa mpaka leo kwenye vibanda vya Geita, alikuwa mpenzi mkubwa wa kandanda. Kidole chake cha mguu kilikuwa na jeraha lililodhaniwa ni la mpira. Mwaka 1977 ikabainika kuwa chini ya ukucha kulikuwa na saratani ya ngozi. Alifariki Miami, Marekani, tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Yake haikuanzia mfupani, lakini somo ni lile lile. Jeraha humfanya mtu auangalie mguu wake. Mara nyingi silo lililoleta uvimbe.

Na maradhi haya hayakuletwa na maisha ya kisasa. Mwaka 2016 watafiti wa Afrika Kusini walitangaza habari za mfupa mmoja wa unyayo uliochimbuliwa katika pango la Swartkrans, wenye umri wa miaka kama milioni 1.7. Waliupiga picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, wakaona dalili za saratani ya mfupa. Ni saratani kongwe kuliko zote zilizopata kutambuliwa katika ukoo wa binadamu, nayo ilikuwa unyayoni. Jambo la kuzingatia ni hili: ikiwa picha iliweza kusema habari za mgonjwa wa miaka milioni 1.7 iliyopita, tunawezaje kukosa picha ya kijana anayechechemea leo?

Mwanzo wa yote ni eksirei ya kawaida, ile iliyogunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Mpaka leo, kwa uvimbe wa mfupa, hakuna mashine iliyoishinda kwa hatua ya kwanza. Lakini ipigwe kwa pande zaidi ya moja: kutoka juu, kutoka ubavuni, na kwa mshazari, maana mifupa ya unyayo imepandana kama mawe ya ukuta na mmoja huuficha mwingine. Msomaji wa picha huanza na kuuliza ni mfupa gani. Huangalia mpaka wa uvimbe: ukiwa umechorwa vizuri kama ua la nyumba, mara nyingi unakua polepole; ukiwa umetafunwa-tafunwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa, kuna wasiwasi. Huangalia pia kama ganda la nje la mfupa limetobolewa, na kama mgonjwa ni mtoto au mzee.

Kanda ya Ziwa ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Selimundu ipo kwa wingi kule, nayo huweza kuvimbisha mikono na miguu ya watoto wachanga, na kuua sehemu za mfupa kwa wakubwa. Kifua kikuu nacho huingia mifupani. Wapo pia kuvu na bakteria wanaoingia kwa mwiba kwenye mguu mtupu, wakaujenga uvimbe wenye vijitundu vinavyotoa chembe nyeusi, nyeupe au njano. Ugonjwa huo, mayisetoma, Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016. Yote haya huweza kufanana na saratani, na saratani huweza kufanana nayo. Kwa hiyo vipimo vya damu na historia ya mgonjwa lazima viende pamoja na picha.

Picha ya kwanza ikitia shaka ndipo zinapoitwa mashine nyingine. CT-Scan huukata mfupa vipande vipande kwa picha. Hiyo ndiyo hukamata kiini kidogo, pengine kisichofika sentimita moja na nusu, cha uvimbe usio wa saratani ambao humwuma kijana usiku kucha na kutulia akinywa aspirini. MRI huonyesha uboho na nyama, na uvimbe umefika wapi. Hilo ni jambo kubwa kwa unyayo, kwa sababu vyumba vyake ni vyembamba na uvimbe mkali hupenya upesi kutoka kimoja hadi kingine.

Mwisho ni kuchukua kinyama kidogo kikapimwe kwa hadubini. Wachimbaji wataelewa upesi: hiyo ndiyo sampo. Hakuna mchimbaji anayekata shauri kwa kulitazama jiwe kwa nje tu. Lakini sampo ya mfupa hutangulizwa na picha, na njia ya sindano hupangwa na bingwa atakayefanya upasuaji. Kisu kikipita mahali pasipofaa huweza kumwaga mbegu za saratani, na mguu uliokuwa wa kuokolewa ukaishia kukatwa.

Vifaa sasa si hadithi ya Dar es Salaam peke yake. Bugando kule Mwanza ni hospitali ya rufaa ya kanda yenye huduma za saratani. Baada ya 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilinunua mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa mbalimbali. Na mgonjwa wa Geita aliyekuwa akisubiri kivuko sasa anavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Kinachobaki ni nauli, gharama za kipimo, na uamuzi wa kuondoka nyumbani.

Nikiwa safarini Kahama niliwahi kukaa benchi moja na mama aliyekuwa akimpeleka mwanawe hospitali kwa uvimbe wa kisigino. Nikamwuliza kama mtoto alishapigwa picha. Akasema ndiyo, miezi minane nyuma, lakini filamu ile ilizibia dirisha lililovunjika kioo. Sikumcheka. Hakuna aliyemwambia kuwa filamu ile ni mali kuliko dirisha. Daktari akiziweka picha mbili pamoja, ya zamani na ya leo, huujua mwendo wa uvimbe, na mwendo huo ni nusu ya habari.

Basi, wasikilizaji, nawaomba mambo matatu. Uvimbe wa unyayo uliopitisha mwezi mmoja, au unaouma usiku mtu akiwa amelala, ukapigwe picha. Usichuliwe wala kupasuliwa kabla ya picha. Na kila picha itunzwe pamoja na cheti cha kliniki, isafiri na mgonjwa popote aendapo.

Nanyi wenye maduara, mnaojua bei ya gramu kwa saa, mchangieni nauli kijana anayechechemea kabla hamjamchangia magongo.