Mvulana Asiye na Baba Nyumbani

Leo tuzungumze juu ya mvulana anayekua bila baba, na mwanamume anayejitolea kumshika mkono.

Hapa Garissa baba hukosekana kwa njia nyingi. Kuna aliyefariki, kuna aliyemwacha mama, kuna dereva wa lori anayeonekana mara chache. Na katika ukame ule mkali, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 hadi 2022, wako waliofuata mifugo mbali na kurudi mikono mitupu, wakiwa hawana hata nguvu ya kuongea na mtoto. Mzigo wote akaachiwa mama.

Mimi ni muuguzi mwanamume. Miaka minne iliyopita mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi aliniletea mwanawe wa miaka 13. Tumbo linamuuma, alisema. Nilimpima nisione ugonjwa. Mama alipotoka kidogo, kijana akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni ugonjwa kuamka usiku nguo imelowa. Hofu hiyo alikuwa ameibeba miezi mitatu! Nikamweleza kwamba amebaleghe, kwamba mwili wa mvulana huanza kubadilika kati ya miaka 9 na 14, na kwamba lile josho la janaba alilosomeshwa duksi sasa linamhusu yeye.

Mama aliporudi nilimwambia mtoto ni mzima, ila anahitaji mtu mzima wa kumuuliza mambo ya kiume. Akasema, "Ndugu yangu, mimi ataniulizaje? Na abti yake yuko Mandera."

Basi nikajitolea: saa moja kila Ijumaa baada ya Alasiri, kwenye uwanja wa mpira. Ijumaa mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu nikapangiwa zamu, na sikutuma habari. Kijana alikaa kibarazani akiningoja mpaka Maghrib, kisha akamwambia mama yake, "Huyu naye ameenda." Wiki mbili alikataa kuniona. Ilibidi niende nyumbani kumwomba radhi, mtu mzima mbele ya mtoto. Tangu siku hiyo, nikiwa na zamu natuma habari mapema. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja hahitaji pesa zako sana kama anavyohitaji ufike siku uliyosema.

Mama, wewe ndiye wa kuchagua. Anza na abti au adeer aliye karibu. Kama hayupo, fikiria mwalimu, maalim wa duksi au kocha wa mpira. Chunguza mwenendo wake. Anayetafuna miraa mbele ya watoto atamfundisha hiyo miraa. Wakutane mahali pa wazi, mchana, si chumbani, na pasiwe na zawadi za siri. Mwanamume akikasirika kwa sababu umemuuliza maswali, mwache. Mama yule alimtuma nyanya wa mtoto akae kando ya uwanja wiki ya kwanza, na mimi nilifurahi, kwa sababu nilijua mtoto ana wenyewe.

Mwambie mwanao pia kwamba hakuna siri ya mwili kati yake na mtu mzima yeyote, hata mtu huyo awe anaheshimiwa vipi. Wavulana nao hudhulumiwa, ila wengi hunyamaza kwa aibu. Likitokea, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Ziweke ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki, umpeleke hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Hata saa hizo zikipita bado mpeleke, kuna matibabu mengine. Usingoje maslaha ya wazee. Maslaha haimpi mtoto dawa.

Yule kijana sasa ana miaka 17. Bado tunaonana, ingawa siku hizi yeye ndiye hunihimiza nikimbie.

Ukihitaji msaada kuhusu mtoto, piga simu nambari 116. Ni bure, mchana na usiku. Na ukiona haya kuniuliza mbele ya watu kliniki, sema tu kwamba umekuja kwa ajili ya tumbo la kijana. Nitaelewa.