Mita Saba na Nusu za Shamba la Familia



Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Tinde unapita Samuye, na mashamba yamesogea hadi kando ya barabara kuu. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifikisha mita 30. Mita 7.5 hizo zilizoongezeka ndizo nitakazozungumzia. Shamba lenye ubavu wa mita 100 barabarani linamegwa mita za mraba 750, karibu moja ya tano ya ekari.

Aliyejenga ndani ya mita 22.5 huwekewa X nyekundu ukutani na haambulii kitu. Aliye kati ya 22.5 na 30 huwekewa X ya kijani: huyo barabara ndiyo iliyomfuata, kwa hiyo analipwa pindi eneo lake linapohitajika.

Haki hiyo hatukupewa bure. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa mkoani Arusha, walidai mahakamani shamba lao la kimila lililochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji ya kuhamishia watu vijijini. Bunge likatunga sheria mwaka 1992 kufuta haki za namna hiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, hata kama mwenyewe hana karatasi. Angalieni waliokwenda mahakamani: baba na mwana, pamoja.

Sasa tazameni fidia inavyoandaliwa. Mthamini anapima eneo, anahesabu miembe na kuta, anaandika posho ya usumbufu, kisha anampiga picha mwenye mali akiwa ameshika kibao chenye namba. Picha moja, jina moja, akaunti moja. Mke aliyepalilia shamba hilo miaka yote yuko nyuma ya mpiga picha. Kijana aliyeahidiwa kipande cha kujenga hayumo kabisa. Fedha zikiingia, baba ana uhuru wa kununua bodaboda au kuoa tena, na nimechoka kusikia tukiita jambo hilo ugomvi wa nyumbani. Fomu ya fidia ndiyo iliyougeuza urithi wa wengi kuwa fedha za mmoja.

Napendekeza mke na watoto waliofikia utu uzima wasaini fomu mbele ya mtendaji wa kijiji, na malipo yaingie akaunti ya pamoja. Wathamini watasema tunawachelewesha. Lakini Sheria ya Uthamini ya 2016 inampa mlipaji miezi sita kabla riba haijaanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe haufi mpaka miaka miwili ipite. Kikao cha familia kinamalizika jioni moja.